Kwangu anacheza, kwako hafunguki: kutatua matatizo ya wahusika wa M.U.G.E.N na Ikemen GO kwenye GitHub

Kundi la Elecbyte lilipotoa M.U.G.E.N, injini (programu ya kuendeshea gemu) ya gemu za mapigano, mwaka 1999, mtu yeyote mwenye subira ya kuchora na kuandika faili za maandishi aliweza kumtengeneza mpiganaji wake bila kuunda injini. Kwa miaka mingi kazi hizo zilihifadhiwa kwenye tovuti za bure za kupakulia, na tovuti ilipofungwa mhusika alipotea nayo. Wapo wahusika niliowatafuta kwa miezi nikaishia kupata picha moja na kiungo kilichokufa. Ndiyo maana nafurahi kila ninapoona kazi za mashabiki zikihamia kwenye repo za wazi, yaani hifadhi za miradi kwenye tovuti ya GitHub, hasa kwa kuwa Ikemen GO, injini huria inayosoma faili zilezile za M.U.G.E.N, nayo inatengenezwa hukohuko GitHub.

Ila GitHub ilijengwa kwa ajili ya msimbo, na msimbo ni maandishi. Mhusika wa gemu ya mapigano ni nusu maandishi tu. Kuna .def inayotaja faili nyingine zote, .cns yenye hali na nguvu zake, .cmd yenye vitufe vya kila pigo, na .air inayopanga fremu. Nusu ya pili ni .sff ya picha, .snd ya sauti na .act za rangi. Matatizo mengi niliyoyashughulikia yalitokea pale nusu hii ya pili ilipotendewa kama ile ya kwanza.

Kabla ya kutafuta chanzo, fanya jambo moja: acha kujaribu kwenye folda unayofanyia kazi. Fungua folda tupu, pakua repo yako kama mgeni, weka injini safi pembeni, kisha jaribu. Mhusika akicheza kwenye folda ya kazi na akigoma kwenye nakala iliyopakuliwa, ubovu umeingia njiani, na hapo mwongozo huu unakuhusu. Akigoma kote kuwili, rudi kwenye .cns na .air zako kwanza.

Dalili: mhusika haonekani kabisa, ingawa folda ipo

Hili ndilo lalamiko la kawaida kuliko yote, na chanzo chake ni jina la folda.

Tumchukue mhusika wa mfano, kfm. Ukiandika `kfm` kwenye select.def, faili inayoorodhesha wahusika, injini inatafuta chars/kfm/kfm.def. Jina la folda na jina la .def lazima yafanane. Sasa mtu anakuja kwenye repo yako inayoitwa kfm, anabonyeza kitufe cha kupakua zip, anaifungua ndani ya chars. Folda anayoipata haiitwi kfm. Inaitwa kfm-main, kwa sababu GitHub huongeza jina la tawi la repo, hapa main. Akiandika `kfm`, folda hiyo haipo. Akiandika `kfm-main`, injini inatafuta kfm-main.def, nayo haipo. Baadhi ya programu za kufungua zip huongeza folda nyingine juu yake, na njia inakuwa chars/kfm-main/kfm-main/kfm.def. Hapo mgeni anakata tamaa na kuandika kwamba mhusika wako ni mbovu.

Aliyepakua anaweza kubadilisha jina la folda, au akaandika njia kamili kwenye select.def: `kfm-main/kfm.def`. Lakini mzigo huo usimwachie yeye. Mimi hupanga repo ifanane na folda ya gemu yenyewe: ndani yake kuna chars/kfm/ na stages/, basi. Mtu akipakua zip, folda ya juu inaweza kuitwa chochote. Anachonakili ni ile ya ndani, na jina lake ni sahihi tayari.

Njia nyingine ni kutengeneza zip yako mwenyewe na kuiweka kwenye sehemu ya Releases. Ukifanya hivyo, kumbuka kwamba GitHub huweka pale chini, bila kuulizwa, zip ya msimbo wa repo nzima, na wageni wengi hubonyeza hiyo. Ipe zip yako jina lisilo na shaka, na uandike mstari mmoja juu yake ukieleza ipi ya kucheza.

Dalili: anafunguka, lakini rangi zimevurugika au picha hazisomeki

Ukiona nguo nyekundu imekuwa ya kijani na ngozi imekuwa ya zambarau, pima kwanza ukubwa wa faili ya .act. Paleti kamili ina rangi 256, kila rangi baiti 3, jumla baiti 768. Ukikuta 767, umeshika mwizi. Baiti moja imetolewa, na kuanzia hapo kila namba imesogea nafasi moja: penye nyekundu inasomwa kijani, penye kijani inasomwa bluu, hadi mwisho wa paleti.

Aliyeitoa ni Git, programu inayotunza historia ya faili za repo, kwa nia njema. Windows humaliza mstari wa maandishi kwa baiti mbili, 0D na 0A; Linux hutumia 0A peke yake. Git inaweza kubadilisha moja kuwa nyingine ili watu wa mifumo tofauti wasigombane. Kwenye .cns hakuna madhara. Kwenye paleti, 0D ikifuatiwa na 0A ni rangi tu, haina uhusiano na mwisho wa mstari.

Kwa kawaida Git hutambua yenyewe faili isiyo ya maandishi, hasa ikiona baiti ya sifuri mwanzoni. Faili ya .sff huanza na herufi ElecbyteSpr zikifuatwa na sifuri, na .snd huanza na ElecbyteSnd na sifuri yake, kwa hiyo zikiachwa zenyewe huwa salama. Balaa huanza mtu anapoandika kwenye .gitattributes, faili ya repo inayoiambia Git namna ya kutendea faili nyingine, mstari huu alioukopa mahali:

`* text`

Bila `=auto`. Mstari huo unaiambia Git kwamba kila kitu ni maandishi, isihoji, na Git inatii. Upande wa pili wa balaa hilo ni pale mpangilio unapodai mistari ya Windows wakati wa kupakua: kila 0A ndani ya picha inaongezewa 0D mbele yake, na faili inakuwa kubwa kuliko ya asili.

Kuthibitisha, linganisha alama ya utambulisho (hash) ya faili yako ya asili na ya ile iliyopakuliwa. Kwenye Linux tumia `sha256sum kfm.sff`, kwenye Windows `certutil -hashfile kfm.sff SHA256`. Zikitofautiana hata herufi moja, faili si ileile.

Dawa ni kuweka haya kwenye .gitattributes:

```
* text=auto
*.sff binary
*.snd binary
*.act binary
*.fnt binary
```

Mistari hii haifufui faili zilizokwisha kuharibika. Baiti iliyotolewa imetoka. Hakuna programu itakayojua ni 0A ipi ilikuwa na 0D mbele yake na ipi haikuwa nayo. Weka .gitattributes kwanza, nakili faili za asili upya kutoka kwenye kompyuta yako, kisha `git add --renormalize .` na uhifadhi. Kama asili hunayo tena, tafuta aliyewahi kuipakua kabla ya uharibifu.

Dalili: .sff ina baiti kama 130 tu

Ifungue kwa kihariri cha maandishi. Ukiona mstari wa kwanza ni `version https://git-lfs.github.com/spec/v1`, ukifuatwa na namba ndefu na ukubwa wa faili, huo si ubovu. Ni kielekezi cha Git LFS, mfumo unaohifadhi faili kubwa pembeni na kuacha kikaratasi mahali pake. Aliyepakua hana LFS kwenye kompyuta, au amechukua zip ya repo ambayo mwenyewe hajaruhusu faili za LFS ziingizwe kwenye zip.

Aliyekloni, yaani aliyenakili repo kwa Git, asakinishe Git LFS, aandike `git lfs install` halafu `git lfs pull`. Mwenye repo awashe ruhusa hiyo kwenye mipangilio.

Kwa kazi za mashabiki mimi siipendi LFS. Kila mgeni anayepakua anakula mgawo wa mwenye repo, mgawo ukiisha upakuaji unasimama, na mhusika aliyependwa wiki hii ndiye anayefungwa wiki ijayo. Releases hazina kikomo hicho cha upakuaji, na kila faili inaruhusiwa kuwa na ukubwa wowote chini ya GiB 2. Kwa mhusika mmoja hiyo ni nafasi ya kutosha na kubaki.

Dalili: GitHub inakataa kupokea, hata baada ya kufuta faili kubwa

Ukipakia kwa brauza, kikomo ni MiB 25 kwa faili. Kwa Git yenyewe utaonywa ikizidi MiB 50, na ikizidi MiB 100 utakataliwa kwa ujumbe unaoanza na GH001.

Wengi hufuta faili, huhifadhi tena, hujaribu kutuma, na ujumbe unarudi uleule. Hapa lazima tuelewane vizuri: repo ni daftari lisilochanwa kurasa. Kufuta faili leo ni kuandika ukurasa mpya unaosema «faili haipo». Ukurasa wa jana wenye faili nzima bado umo, nao unatumwa pamoja na mingine.

Kama faili iliingia kwenye komiti ya mwisho (komiti ni ukurasa mmoja wa daftari hilo), iondoe na uiandike upya komiti hiyo:

```
git rm --cached chars/kfm/kfm.sff
git commit --amend
```

Kama iliingia zamani, tengeneza nakala ya folda nzima kwanza, kisha tumia git filter-repo:

`git filter-repo --invert-paths --path chars/kfm/kfm.sff`

Chombo hiki hufuta pia anwani ya seva kwenye mipangilio yako, kwa makusudi, ili usitume kwa bahati mbaya. Usishtuke, iongeze upya kwa `git remote add` ukishahakikisha.

Ila swali la maana zaidi ni kwa nini repo ilinenepa. Faili ya .sff ni kifurushi kimoja chenye mamia ya picha zilizobanwa. Ukirekebisha kidole kwenye fremu moja, faili nzima imebadilika, na mara nyingi Git hulazimika kuhifadhi karibu kifurushi kizima upya. Kifurushi cha MB 40 ukikirekebisha mara 20, historia yako inaweza kukaribia MB 800, na anayekloni anazipakua zote ili apate mhusika mmoja.

Njia niliyoizoea ni kuhifadhi picha moja moja kwenye repo, pamoja na faili ya maandishi inayoziorodhesha, halafu kuunda .sff kwa sprmake2, chombo kilichokuja na M.U.G.E.N 1.0. Ukibadilisha fremu moja, inahifadhiwa fremu moja. Kifurushi kilichokamilika kinakwenda Releases. Kuna faida nyingine ninayoithamini zaidi ya ukubwa: mtu akitaka kukusaidia kurekebisha teke, wewe na yeye mnaiona picha iliyobadilika, ya zamani na mpya, bila kubahatisha ndani ya kifurushi kilichofungwa.

Dalili: kutuma kunakatika katikati

Tunaotumia bando za simu tunalijua hili: asilimia 80, halafu `the remote end hung up unexpectedly`. Git haiendelezi palipokatika. Ukirudia inaanza sifuri, na bando limeshaliwa. Wapo watakaokushauri uongeze mpangilio wa Git uitwao http.postBuffer; kwa mtandao unaokatika hiyo haisaidii.

Gawanya mzigo. Badala ya komiti moja yenye wahusika kumi, fanya kumi. Kisha tuma hadi komiti fulani tu kwa `git push origin a1b2c3d:main`, ukiweka namba ya komiti yako mahali pa hiyo, na uendelee na inayofuata. Kilichokwisha kufika hakitumwi tena. Na kwenye README, faili ya maelezo ya repo, waelekeze wageni wakloni kwa `--depth 1`, wapate hali ya sasa bila historia.

Dalili ndogondogo

GitHub inaonyesha folda mbili, Sounds na sounds, wakati kwako ipo moja: Windows haitofautishi herufi kubwa na ndogo, Git inatofautisha. Kama folda zote mbili zina faili yenye jina lilelile, anayekloni kwenye Windows ataonywa kuwa njia zimegongana na faili moja tu ndiyo itaonekana. Chagua tahajia moja, na ubadilishe kwa `git mv` kupitia jina la muda.

Majina ya faili yanaonekana kama `\343\203\206`: ni majina ya Kijapani, hayajaharibika. Andika `git config core.quotepath false`. Kama maandishi ndani ya .def ndiyo yamekuwa alama zisizosomeka, huenda yaliandikwa kwa Shift-JIS, mfumo wa zamani wa kuhifadhi maandishi ya Kijapani. Yaache kama yalivyo hadi ujaribu nakala iliyogeuzwa kwenye injini yenyewe.

Nenosiri linakataliwa ingawa ni sahihi: tangu Agosti 13, 2021 GitHub haipokei nenosiri la akaunti kwa shughuli za Git. Tengeneza tokeni au ufunguo wa SSH.

Dalili: repo imefungwa, ukurasa unataja DMCA

Mwenye hakimiliki, au wakala wake, ametuma ilani. DMCA ni sheria ya hakimiliki ya Marekani ya mwaka 1998, na kwa kuwa GitHub ni kampuni ya Marekani inakufikia popote ulipo. Ilani huwekwa hadharani kwenye repo ya GitHub iitwayo dmca. Isome yenyewe kabla ya kusikiliza uvumi: inataja faili gani, au repo nzima? Ikiwa inalalamikia sehemu tu, kwa kawaida GitHub hukupa takriban siku 1 ya kazi uondoe sehemu hiyo kabla ya kufunga. Barua pepe usiyoisoma ndiyo inayokufungia.

Chanzo kwa kawaida ni picha na sauti zilizotolewa moja kwa moja kwenye gemu ya kampuni. Kuandika «haki zote ni za Capcom» kwenye README hakukupi ruhusa. Kunathibitisha tu kwamba ulijua mwenye mali ni nani. Kutouza nako hakutoshi peke yake.

Unayo haki ya kutuma pingamizi. Mlalamikaji asipokwenda mahakamani, repo hurudishwa baada ya siku 10 hadi 14 za kazi. Lakini soma unachosaini: unatamka chini ya adhabu ya kiapo cha uongo kwamba ilani ilikuwa na kosa, na unakubali kushtakiwa katika mahakama ya shirikisho ya Marekani. Mtu aliyeko Tanga au Kisumu asisaini hayo kwa hasira. Saini pale tu kazi iliyolalamikiwa ni yako kweli, na ukiweza mwone mwanasheria kwanza.

Kuna njia mbili za kujenga ambazo nimeona zikidumu. Ya kwanza ni kutenga msimbo na mali ya kampuni. Project Slippi, inayowawezesha watu kucheza Super Smash Bros. Melee mtandaoni, huweka msimbo wake GitHub na kumtaka mchezaji alete nakala yake ya gemu. Ya pili ni kuchora upya. Februari 2013 kundi la Mane6 liliamriwa na Hasbro kusimamisha gemu yao ya mapigano ya farasi wa My Little Pony. Walichukua mapigo na mpangilio waliokuwa wameujenga, Lauren Faust, aliyeunda katuni ya My Little Pony waliyoitumia, akawachorea wahusika wapya, na gemu ikatoka kwa jina Them's Fightin' Herds. Ustadi wao ulikuwa ni wao, na hakuna barua iliyoweza kuuchukua.

Dalili: mtu amefungua Issue (lalamiko kwenye ukurasa wa repo) akisema «hii ni kazi yangu»

Hii inauma kuliko ilani ya kampuni, na inastahili jibu siku hiyohiyo.

Iliwahi kunifika. Nilikuwa nimeweka uwanja na seti ya miali ya mapigo niliyoipata ndani ya mhusika niliyempakua, nikabandika leseni ya MIT juu ya repo nzima. Baada ya miezi kadhaa mchoraji akaniandikia kwa upole, akaambatisha picha za hatua zake za uchoraji, mstari kwa mstari. Nilifungua .def niliyoipokea. Chini ya [Info], kwenye `author =`, jina lake lilikuwa limefutwa na kuwekwa la mtu mwingine kabla haijanifikia. Sikuwa mwizi wa kwanza, lakini leseni niliyoibandika ilikuwa inawaambia watu wote duniani kwamba wanaweza kuiuza kazi yake.

Chanzo ni kudhani kwamba repo ya wazi inafanya kila kilichomo kuwa huria. Leseni unaitoa kwa kilicho chako tu. Waundaji wa Ikemen GO wenyewe wametenga: injini iko chini ya MIT, na mwonekano wa skrini uliotoka kwa Elecbyte uko kwenye repo nyingine, chini ya Creative Commons BY-NC 3.0, isiyoruhusu biashara. Fanya vivyo hivyo kwa folda. Weka leseni ya msimbo penye msimbo. Penye picha weka faili ya maandishi inayotaja nani alichora nini, ulikipata wapi, na aliruhusu nini. Usipopata ruhusa, usiweke. Muunganishe msomaji na ukurasa wa mchoraji.

Akitaka kazi yake iondolewe, kumbuka lile daftari. Kufuta faili hakutoshi. Pitisha filter-repo, tuma kwa `--force`, futa zip za zamani kwenye Releases, na uwaandikie wahudumu wa GitHub, kwa sababu komiti za zamani huendelea kufunguka kwa namba zake na foki za watu wengine, yaani nakala za repo yako walizojitengenezea GitHub, hazijaguswa. Wataarifu wenye foki mmoja mmoja. Na wale mnaoshirikiana nao kwenye repo, waambie wafute nakala walizonazo na kukloni upya kabla ya kufanya kazi yoyote, kwani mmoja akiunganisha historia yake ya zamani na mpya kisha akatuma, kila ulichokiondoa kinarudi.